Mbwa Akila Kuku Ni wa Mwanangu

Shemeji yangu alikata paja la nguruwe pori, akalitia kwenye kikapu chake, akafuta kisu kwenye majani, halafu akamwambia mwanangu, "Mbwa huyo aliyepasuka mchukue. Huyu mzima ni wangu."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu ukingoni mwa shamba la mahindi la kijiji, mahali wanawake wanaposimama nyama ya mawindo inapogawanywa, yaani mbali, mpaka tuitwe kubeba. Binti yangu mdogo nilikuwa nimembeba mgongoni. Wanaume walikuwa wamelaza mikuki yao chini kuizunguka ile nyama, kama desturi yao ilivyo, na ndani ya duara hilo mwanamke hakanyagi. Mkuki ukirukwa na mwanamke, wanasema, hautachoma kitu tena mpaka uoshwe kwa dawa na damu ya jogoo. Hilo nililijua vizuri. Nilikwishakaa Iringa miaka ya kutosha kulijua.

Nikairuka. Sikujikwaa wala sikukosea njia. Nilipandisha kanga nikaruka, nikaenda mpaka kwenye kikapu cha shemeji, nikalitoa paja. Nilitaka kumpa mwanangu alibebe yeye mwenyewe mbele yao, maana lilikuwa lake, lakini mikono yake haikuwa na nafasi. Alikuwa amempakata mbwa wake jike, tumbo limechanwa na meno ya nguruwe, amelifunga kwa shati lake la shule. Basi nikajitwisha mwenyewe. Damu ikanishuka shingoni.

Mmoja akasema Mama wa Mbeya leo njaa imempanda kichwani. Wakacheka. Mimi nikamgeukia shemeji.

"Shemeji, mbwa hawa walipokula kuku wa mwalimu, ulisema ni wa nani?"

Aliniuliza tu kama nimeona nilichokiruka.

"Nimeona," nikasema. "Na wewe jibu nilichokuuliza."

Siku hizi kisa hiki kinasimuliwa kilabuni, kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, kama kisa cha mwanamke aliyeruka mikuki. Mtoto hatajwi. Ndiyo sababu naandika. Mikuki ile ilikwishaoshwa na inachoma kama kawaida. Ya mwanangu ndiyo hawataki yasimuliwe.

Mimi ni mtu wa Mbeya, nimezaliwa Ilomba. Nilisoma sekondari mpaka kidato cha tatu, nikaishia hapo kwa sababu ya mtoto huyu huyu ninayemzungumza. Baba yake alikuwa utingo wa lori. Sina haja ya kupamba hilo. Alinioa, akanileta kwao, kusini ya Iringa, nikajifunza kuamkia watu kwa kamwene asubuhi na jioni na kulima kwenye baridi ambayo hata sisi wa Mbeya tunaivulia kofia. Tulipohamishwa sote kuja kukaa kijijini, nyumba zikapangwa mstari kama madawati, yeye akasema maisha hayo hayawezi. Akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Binti yangu alikuwa bado mimba changa. Mwanzo alituma salamu kwa watu wa malori, baadaye hata salamu zikakata.

Tangu hapo kaka yake mkubwa, ndiye huyo shemeji, akawa ndiye mwenye sauti juu yetu. Sauti tu. Mbegu hakutupa wala jembe hakutupa.

Shemeji alikuwa na mbwa jike ambaye kijiji kizima kilimwonea wivu. Mwembamba, rangi ya majivu, akishika harufu haachi. Kwa kuwa nguruwe walikuwa wanamaliza mahindi ya shamba la ujamaa, uongozi wa kijiji uliagiza msako kila Jumamosi, na bila mbwa wa shemeji msako ulikuwa matembezi. Wanaume huenda na mikuki na mbwa. Wavulana wasio na mbwa huenda na makopo, kazi yao kupiga kelele kwenye vichaka ili nguruwe atoke. Nyama ikigawanywa, aliyechoma kwanza anapata mgongo, mwenye mbwa aliyekamata kwanza anapata paja, na wapiga makopo wanapewa kwato na utumbo.

Jumamosi ya kwanza mwanangu alirudi na kwato. Aliziweka jikoni, akakaa akiziangalia. Nikazichemsha, maana kwato nazo ni chakula kwa asiye na paja. Tulipokuwa tunakula akaniambia kwamba mwakani ataleta paja. Nikamwambia ale kwanza. Hakuwa anatania. Alikuwa bado hajafika darasa la tano, miguu kama fito, na alisema vile kama mtu anayesema kesho ataenda shule.

Sasa, watu wa kule mbwa wa kuwinda hawanunui kwa pesa. Mbwa aliyelipiwa pesa, wanasema, atakuwa mvivu, atakaa mlangoni akingoja kuhesabiwa. Unampata kwa kupewa na baba yako, au unampata kwa jasho. Wanawe shemeji walipewa bure na baba yao, wakamwacha mmoja akafa kwa upele. Wangu hakuwa na baba wa kumpa. Akaenda mwenyewe. Alimkuta baba yake mkubwa kilabuni, katikati ya watu, akapiga goti vizuri kama nilivyomfundisha, akasema, "Baba mkubwa, naomba nikuchungie mbuzi masika yote. Mbwa wako akizaa unipe wawili."

Wanaume walicheka mpaka ulanzi ukamwagika. Mmoja akamwuliza hao wawili anataka awaoe. Shemeji naye alicheka, na kwa kuwa alikuwa amekunywa na watu walikuwepo, akatamka kwa sauti kwamba anakubali, ila mtoto atamlisha na huyo jike mpaka azae na mpaka watoto waachishwe. Akadhani mtoto atashindwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwepo. Akasema, haya, tumesikia.

Masika ya kule si mchezo. Mvua inaanza adhuhuri na ukungu haupishi. Mwanangu alitoka shule, akavua shati ili lisilowe, akajifunika gunia, akaenda kwenye mbuzi. Jioni akirudi anameza nusu ya ugali wake, nusu nyingine anaikunja kwenye jani la mgomba anatoka nayo. Nilivumilia kwa muda. Halafu nikamwambia wazi kwamba ugali wangu siupiki kwa ajili ya mbwa wa mtu ambaye hata chumvi hatupi.

"Mama, simlishi yule," akasema. "Nawalisha walio tumboni."

Kuanzia siku ile nikawa naongeza unga kidogo, nikijifanya nimekosea kipimo.

Mama mkubwa wake, mke wa shemeji, alikuwa akimwona anapita na jani lake anamwita bwana harusi. Bwana harusi, mahari leo ni ugali mtupu, mboga iko wapi? Mwanangu anamwamkia shikamoo, anapita. Wakati mwingine usiombe mtoto awe mkorofi. Adabu yake inauma zaidi.

Jike akazaa. Watoto walipofungua macho shemeji alitaka kumpa wale wawili wa mwisho, wanaosukumwa na wenzao kwenye titi. Mwanangu hakubisha. Aliwachukua hao hao. Lakini desturi nyingine ya kule ni kwamba anayempa mbwa jina na tonge la kwanza mkononi ndiye mwenye mbwa, na jina la mbwa ni njia ya kuwaambia majirani unachofikiri bila kugombana nao. Dume akampa jina la Tutaona. Jike akamwita Haikuhusu.

Niliposikia nilicheka peke yangu kama kichaa. Kila jioni anapita mbele ya uwanja wa shemeji anaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haikuhusu! Haikuhusu, njoo!" Mama mkubwa akamwuliza anamwita nani. Akajibu, mbwa. Jina gani hilo? Ndilo hilo, mama mkubwa.

Wale waliosukumwa kwenye titi wakakua. Sijui kama ni ugali au ni ukaidi wa mwenyewe. Aliwafundisha kando ya mto, kwenye matete, akianza na ndezi. Aliwafundisha kunyamaza. Mbwa wengine wa kijiji walikuwa wanabweka kabla ya kuona kitu. Wake walikuwa wanatembea kama wezi.

Na wezi walikuwa kweli. Sitaki kusema uongo kwa sababu ni mbwa wa mwanangu. Siku moja waliingia kwa mwalimu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakaua matetea wawili waliokuwa wanalalia mayai. Mwalimu akaleta mizoga kwa balozi, amejaa hasira, na haki yake. Kwa kuwa kila mtu aliwajua mbwa wale kwa rangi ya mama yao, balozi akamwita shemeji kwanza.

Shemeji alikuja akasimama mbele ya watu. Nilikuwepo, mwalimu alikuwepo, balozi alikuwepo. Akasema, "Hao si mbwa zangu. Yule mtoto alinifanyia kazi, nikamlipa, tumemalizana. Mdaini mama yake."

Ni sawa. Sikubisha, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nilitoa matetea wangu mwenyewe wawili, na mwanangu na mimi tukampalilia mwalimu maharage yake mpaka aliporidhika. Balozi akanikabidhi mizoga, kwa sababu anayelipa ndiye anayechukua mizoga, na anayelipa ndiye mwenye mbwa. Hilo kule hata mtoto wa kubebwa analijua. Jioni ile tulikula kuku. Mwanangu alinipa kidari akasema samahani mama, na kesho yake akawatengenezea mbwa wake banda la fito.

Sasa uone nguruwe wanavyomrudishia mtu kumbukumbu.

Mwaka uliofuata Tutaona na Haikuhusu waliingia kwenye msako kwa mara ya kwanza. Jike la shemeji lilikuwa limechoka, meno yamekwisha. Msako wa kwanza Tutaona alikamata, lakini mbwa wa mtu mwingine naye alikuwa ameshika, wakabishana, paja likagawanywa vipande, mwanangu akaleta kipande. Alikuwa amevimba kichwa, sikumlaumu. Kuanzia hapo watu wakaanza kuwasifu mbwa wale, na shemeji akaanza kusifiwa kwa ajili yao. Mbegu ya shemeji, wakasema. Mbwa wa ukoo. Akaanza kupita kwetu, yeye ambaye alikuwa hapiti, akiwatupia mifupa. Akamwita Tutaona kwa jina la Simba. Mbwa hakugeuka. Nilimwona shemeji alivyokasirika, nikajua kuna jambo linakuja, ila sikujua litakuja mbele za watu.

Ile Jumamosi niliyoanza nayo, nguruwe alikuwa dume mkubwa. Walionisimulia wote wanakubaliana, hata wale wasionipenda. Mbwa wengine walisimama mbali wakabweka. Tutaona alimshika sikio. Haikuhusu alipita chini, nguruwe akamchana tumbo, lakini Tutaona hakuachia mpaka mkuki ukafika. Hakuna mbwa mwingine aliyegusa. Paja halikuwa na mjadala. Lilikuwa la mwanangu, zima, kwa mara ya kwanza.

Ndipo shemeji akalikata akalitia kikapuni. Mwanangu alimwambia kwa adabu, baba mkubwa, hilo ni la mwenye mbwa. Shemeji akasema mtoto wa ndugu yake anayekaa kwenye ardhi ya ukoo, alicho nacho ni cha ukoo. Mbwa wana baba, akasema. Mtoto huyu baba yake yuko wapi? Akamfunga Tutaona kamba ya katani shingoni. Halafu ndiyo akasema lile la aliyepasuka na aliye mzima.

Nimeshaeleza nilichofanya.

Nyumbani tulimlaza Haikuhusu kwenye gunia. Nilichemsha maji ya chumvi, nikamshona kwa sindano ya magunia na uzi, mwanangu amemshika mdomo na kumsemesha. Hakulia, mbwa wala mtoto. Paja nililipika. Nilikatia majirani wote, hata mke wa shemeji nikampelekea bakuli, ili mtu asije akasema niliruka mikuki kwa njaa. Alilipokea. Bakuli lilirudi limeoshwa vizuri.

Tutaona alibaki amefungwa uwanjani kwa shemeji. Tulikuwa tunamsikia. Nikamwambia mwanangu, kwa hasira niliyokuwa nayo, kwamba kama anataka akamfungue tu usiku, mimi nitasimama mlangoni. Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Nikimuiba, mama, nitakuwa nimekubali si wangu."

Jumapili baada ya kanisa nikaitwa kwenye kikao cha ukoo. Hawakuniita kwa ajili ya mbwa. Waliniita kwa ajili ya mikuki. Wakaniambia nitoe jogoo na debe la ulanzi, nipige magoti mbele ya shemeji, mikuki ioshwe, yaishe. Baba mmoja mzee, mtu mpole ambaye hajawahi kunikosea, akaniambia, "Mwanangu, omba tu msamaha. Kuinama si kuvunjika."

Nilimjibu kwa heshima kwamba nitainama siku ile shemeji atakapojibu lile swali la kuku. Nikarudia swali. Mbwa walipoiba walikuwa wa nani? Shemeji akasema mwanamke aliyesoma ni hasara. Nikasema hasara ni kulipa kuku wa watu na kunyang'anywa mbwa. Kikao kikavunjika bila jogoo. Jogoo walimtoa wenyewe baadaye, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakaribia na nguruwe hawangojei ukoo.

Nilienda kwanza kwa balozi. Nikamwomba kitu kimoja tu: nikimtaja kama shahidi, atasema alichosikia kilabuni na alichosikia siku ya kuku? Alikuna kichwa. Yeye ni mtu wa ukoo ule ule. Akasema hatasema uongo, ila nisimwombe afurahi. Mwalimu naye akakubali, akaongeza kwamba kuku wake bado wanamuuma.

Jumatatu nikaenda ofisi ya kata, kwa miguu, mtoto mgongoni na mwanangu pembeni, amevaa lile shati la shule. Nilikuwa nimelifua mara nyingi, lakini damu ya mbwa haikuisha yote. Karani wa Baraza la Usuluhishi akaniuliza mume wangu yuko wapi. Chunya. Basi nisubiri arudi, akasema, haya ni mambo ya nyumbani, shemeji yako ndiye baba kwa sasa. Nikamwuliza kama Baraza linafungwa kila mwanaume anapoenda Chunya. Akasema tena kwamba kesi ya mbwa haijawahi kuletwa pale. Nikamwuliza, kesi ya kuku je? Akakiri za kuku huwa zinaletwa, nyingi tu. Nikasema basi hii ni ya kuku, tuanzie hapo.

Akatoa karatasi. Alitaka aandike yeye. Nikamwambia kalamu naijua. Nilikaa kwenye benchi lao, mwanangu akanishikia binti yangu, nikaandika malalamiko haya. Nayaweka hapa kama yalivyo, ila majina nimeyatoa.

KWA KATIBU, BARAZA LA USULUHISHI LA KATA

YAH: MADAI YA MBWA DUME AITWAYE TUTAONA

Mimi ni mama mzazi wa mtoto mwenye mbwa. Naleta madai haya kwa niaba yake kwa kuwa hajafikia umri wa kudai mwenyewe. Naomba Baraza lizingatie kwamba mbwa si wangu, na wala si wa baba yake. Ni wa mtoto.

Mtoto alichunga mbuzi wa mdaiwa masika yote na kumlisha mbwa jike wa mdaiwa kwa chakula chake mwenyewe, kwa makubaliano ya kupewa watoto wawili wa mbwa. Makubaliano yalitamkwa hadharani na mdaiwa mwenyewe. Shahidi ni balozi wa nyumba kumi. Mtoto alipewa mbwa, akawapa majina, akawalea.

Mbwa hao walipoua kuku wa mwalimu, mdaiwa alikana mbele ya balozi kuwa ni wake na akaelekeza nidaiwe mimi. Nililipa kuku kwa kuku, na tukafanya kazi ya palizi. Mizoga nilikabidhiwa mimi. Mashahidi ni balozi na mwalimu.

Mbwa hao walipokamata nguruwe katika msako wa kijiji, mdaiwa alidai dume kuwa ni wake, akamchukua kwa kamba, na kumwachia mtoto jike aliyejeruhiwa. Jike huyo yupo, anaendelea kupona, na anaweza kuletwa Barazani akihitajika.

Naomba Baraza liamuru mbwa dume arudishwe kwa mtoto, na mtoto mwenyewe aitwe atoe maelezo yake kwa mdomo wake.

Kuhusu mikuki niliyoiruka, nakiri niliiruka. Sio sehemu ya madai haya.

Endapo Baraza litaona kwamba mtoto ambaye baba yake hayupo nyumbani hawezi kuwa mwenye mbwa, naomba uamuzi huo uandikwe na kupigwa mhuri, nami nipewe nakala yake niigongomee mlangoni kwangu, ili siku mbwa hao watakapokula tena kuku wa mtu, mwenye kuku asije kwangu, aende moja kwa moja kwa mdaiwa.